UZI: Mshauri wa afya katika vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: afanye nini, na atoke wapi?

Mwanzisha mada (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Tunapojadili vituo vya kulelea watoto wadogo mchana huwa tunazungumzia ada, usafiri, Kiingereza cha walimu na mahafali yenye majoho. Swali moja halipati nafasi. Mtoto anayeshinda kituoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, ni mtaalamu gani wa afya anayejua anakula nini, analala wapi, ananawa kwa maji gani, na akipatwa na degedege saa tano mlezi atafanya nini? Katika vituo vingi ninavyovifahamu, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, mtaalamu huyo hayupo. Hoja yangu ni kwamba kila kituo kinahitaji mshauri wa afya anayerudi mara kwa mara, na kwamba mtu wa kuifanya kazi hiyo tunaye tayari, ila hakuna utaratibu wa kumfikisha kituoni.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wakisikia habari za mshauri wa afya humfikiria daktari aliyekuja kupima watoto au bwana afya aliyekuja kutazama vyoo. Nchini Marekani, ambako kazi hii ina jina lake na mafunzo yake, mara nyingi hufanywa na muuguzi aliyesajiliwa ambaye ameongezewa elimu ya malezi ya watoto wadogo. Hatibu, hatoi leseni na hafungi kituo. Hupitia kumbukumbu za chanjo, husaidia kuandika utaratibu wa nani abaki nyumbani akiugua na nani anaweza kuendelea kuja, hutazama walezi wanavyobadilisha nepi na kunawa mikono, huangalia dawa zinatunzwa wapi, huandaa pamoja na mzazi mpango wa mtoto mwenye pumu, selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) au kifafa, na hufundisha huduma ya kwanza. Miongozo ya kitaalamu ya huko inapendekeza kwamba kituo chenye watoto walio chini ya miaka 3 kitembelewe angalau mara moja kwa mwezi.

Tofauti kati yake na mkaguzi ni kubwa. Vituo vyetu husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maafisa ustawi wa jamii hupita kukagua kama masharti yanafuatwa. Ukaguzi huo ni wa lazima, nami sipendekezi upunguzwe. Lakini mkaguzi akija, mlezi hulificha jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Mshauri akija, mlezi humwonyesha jiko hilo na kumwuliza afanyeje ili watoto wasipigwe na baridi.

Jiko nimelitaja makusudi. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Makete ni juu zaidi, na asubuhi za Juni na Julai kila mmoja wetu anazijua. Watoto wanalazwa mchana katika chumba chenye sakafu ya saruji, madirisha yanafungwa, na jiko linaingizwa ndani kwa nia njema kabisa. Mkaa unaoungua mahali pasipopitisha hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mlezi huona watoto wametulia na kudhani wamepata joto, kumbe wanazidi kulegea, na yeye mwenyewe dalili anayoihisi ni kichwa kinachouma. Kuandika ukutani kwamba majiko ni marufuku hakutoshi, kwa sababu baridi nayo ni ya kweli na mlezi hatawaacha watoto watetemeke. Mshauri anayeijua nyanda hii atahamishia usingizi wa mchana katika chumba kinachopigwa na jua, ataomba mikeka minene itandikwe chini ya magodoro, atawaagiza wazazi walete soksi na sweta za akiba, atapanga uji wa moto uje kabla ya kulala na si baada, na ataelekeza dirisha moja liachwe wazi kidogo. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ataongeza jambo ambalo bibi zetu hawatalipenda: alazwe chali, na kitenge au blanketi lisimfunike uso hata kama kuna ukungu nje.

Jambo la pili ni chakula, na hapa mkoa wetu na majirani zetu hatuna pa kujificha. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Hii ni mikoa ya mahindi, maharage, viazi, maziwa na parachichi. Udumavu wa huku hausababishwi na ghala tupu. Unatokana na mambo mengi yanayoshikana: uji mwepesi wa mahindi matupu, mama aliyeko shambani tangu alfajiri, kuhara kwa mara kwa mara, mimba zilizofuatana, na mtoto kula mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo linahitaji kidogo kidogo mara nyingi.

Sasa angalieni inavyokuwa mtaalamu anapopita kituoni mara moja tu kwa mwaka. Anachukua utepe wa kupimia mzingo wa mkono, anaupitisha kwa watoto wote, unaonyesha kijani, anawapongeza walezi na kuondoka. Utepe ule hupima ukondefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu, mwenye mkono wa kijani kibichi kabisa, huku urefu wake ukiwa wa mtoto aliye mdogo kwake kwa mwaka mzima. Udumavu huonekana kwa ubao wa kupimia urefu na tarehe sahihi ya kuzaliwa, na kuongezeka kwake huonekana kwa kupima tena baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana nasisitiza mtu anayerudi. Ni kweli pia kwamba siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zenye uzito mkubwa zaidi, na watoto wengi hufika kituoni zikiwa zimeisha. Lakini kituo kinawaona wazazi wa mtoto huyo kila siku, na mara nyingi mama ana mdogo wake mgongoni.

Mshauri huyo atafungua pia ndoo ya unga. Vituo vingi hujivunia unga lishe wenye kila kitu ndani yake: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na wakati mwingine dagaa. Wingi wa vitu si kipimo cha ubora. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha uji, na unga uliosagwa ukakaa muda mrefu jikoni penye unyevu wa masika huharibika kabla haujaisha. Uji wa nafaka moja safi, uliotiwa maziwa na kufuatiwa na kipande cha parachichi au ndizi, unaweza kumfaa mtoto kuliko mchanganyiko ambao hakuna anayejua ulisagwa lini.

Kuhusu atakakotoka mtu huyu, mimi namwona muuguzi wa zahanati iliyo karibu, akisaidiwa na afisa lishe wa halmashauri. Tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ambayo inamtazama mtoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8 na inataka afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama viende pamoja. Kwenye karatasi vinakwenda pamoja. Lakini tangu Januari 2022 vituo hivi viko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii na masuala ya afya yako chini ya wizara nyingine, zahanati nazo zinasimamiwa kupitia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Muuguzi aliye mita mia mbili kutoka kituoni hana barua yoyote inayomwambia kuwa watoto wale pia ni wake.

Naomba michango, hasa ya wenye vituo na watumishi wa afya.

Mchangiaji wa kwanza (mmiliki wa kituo, Iringa)

Ndugu mwanzisha mada, ahsante kwa andiko. Mimi ni mama mwenye kituo kidogo hapa Iringa mjini, na nitasema bila kuzunguka. Anakuja afisa ustawi, anakuja bwana afya, anakuja wa zimamoto, na kila mmoja ana orodha yake. Ukiniongezea mshauri, hata kama ni mpole kiasi gani, mimi namwona mtu wa nne mwenye daftari. Wazazi wangu wengi ni wauza mboga na mafundi. Nikipandisha ada kidogo tu watoto wanarudi kushinda sokoni chini ya meza. Halafu ushauri wenyewe mara nyingi ni wa mtu asiyejua hali zetu. Tuliwahi kuletewa semina ya kunawa mikono, nzuri na yenye picha, wakati bomba la kituo lilikuwa halitoi maji kwa wiki kadhaa. Walezi walisikiliza kwa adabu, wakanywa soda, wakarudi kwenye ndoo yao moja.

Mwanzisha mada

Dada yangu, hoja yako ya bomba naichukua yote. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka jimbo la North Carolina ambao unakuunga mkono. Vituo vya makundi yote mawili vilipewa mafunzo ya usafi, lakini kundi moja likaongezewa vifaa vipya vya kubadilishia nepi, kunawia mikono na kuandalia chakula. Kuhara kwa watoto kulipungua zaidi katika vituo vilivyopewa vifaa, na wafanyakazi wa vituo hivyo walikosa kazi kwa ugonjwa mara chache zaidi. Kwa hiyo mafunzo matupu si ninayoyatetea.

Kwa kituo chako, mshauri wa kweli angeanza kwa kutazama ndoo iko wapi. Ikiwa walezi wanabadilisha nepi chumba cha nyuma na ndoo iko jikoni, hakuna semina itakayowafanya watembee huku mtoto analia. Ndoo mbili zenye koki, moja pale nepi zinapobadilishwa na nyingine karibu na mahali wanapokula, beseni la kukinga maji na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, ni gharama ambayo kituo kidogo kinaweza kuibeba. Mahali pasipo na koki, kibuyu chirizi cha dumu na kijiti cha kukanyagia kinatosha, na watoto wa miaka mitatu hukipenda kiasi kwamba tatizo linakuwa kuwaondoa hapo.

Kuhusu daftari la nne, nakuelewa. Ndiyo maana anachokiandika mshauri kinapaswa kubaki kituoni kama mali ya kituo. Akiona hatari ya papo hapo kwa mtoto, au dalili za ukatili, hapo atawajibika kutoa taarifa kama mtumishi mwingine yeyote. Na hilo lisemwe wazi tangu siku ya kwanza ili pasiwe na anayejiona amesalitiwa.

Mchangiaji wa pili (muuguzi, Rungwe)

Naungana na mada, ila naomba nisiongezewe mzigo kwa maneno matamu. Zahanati nyingi vijijini zina watumishi wachache. Siku ya kliniki ya watoto mstari unaanza alfajiri, na mama anayejifungua hasubiri nitoke kituo cha malezi. Ukisema kila mwezi, sema pia ni nani atabaki dirishani.

Mimi ningegawa kazi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwa na zaidi ya wahudumu 137,000 nchini. Mhudumu wa mtaa au kitongoji anaweza kupita kituoni kila mwezi kuangalia kadi za kliniki: kama mtoto alipata sindano ya surua na rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18, ambayo wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia, kama matone ya vitamini A yametolewa kila baada ya miezi sita, kama dawa ya minyoo imetolewa. Muuguzi aje kila robo mwaka kwa yale yanayohitaji taaluma: watoto wenye magonjwa ya kudumu, dawa, na mafunzo ya walezi.

Na katika mafunzo hayo mimi ningeanza na kupumua. Huku kwetu kwenye mvua na baridi, kikohozi ni cha kila siku na mlezi hawezi kumrudisha kila mwenye kamasi. Anachoweza ni kutofautisha. Mtoto ametulia, amefunuliwa kifua, simu imewekwa saa, anahesabu pumzi kwa dakika nzima: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni za kupelekwa zahanati leo, na kifua kikibonyea chini ya mbavu wakati wa kuvuta hewa, ni sasa hivi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au aliyelegea asiyeamka vizuri, naye hasubiri simu ya mzazi. Mlezi anayeyajua haya ataokoa muda ambao sasa unapotea kwa kumsugua mtoto mafuta kifuani, au kwa ushauri wa jirani kwamba akakatwe kimeo, jambo linaloleta kutokwa na damu na maambukizi na halitibu kikohozi.

Mchangiaji wa tatu (mzazi, Makambako)

Shikamooni wakubwa. Mimi naogopa jambo moja ambalo hamjaligusa. Mkoa wetu wa Njombe na jirani zetu Iringa na Mbeya tunajulikana kwa kiwango cha maambukizi ya VVU. Mtu wa afya akianza kufungua kadi za watoto wetu kituoni, siri za familia zitabaki salama? Kadi ile ina mengi. Mji wetu ni mdogo, mlezi ni mke wa jirani, na neno likitoka asubuhi, jioni limeshafika stendi.

Mchangiaji wa pili (muuguzi, Rungwe)

Mdogo wangu, marahaba, na swali lako ni la msingi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 uliweka Njombe kwenye asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, kwa hiyo si jambo la kunong'onezana, ni hali yetu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, na mtoto ni mtu.

Kitaalamu, kituo hakihitaji kujua. Dawa za mtoto anayeishi na VVU kwa kawaida hutolewa nyumbani asubuhi au jioni, hivyo hakuna sababu ya kuzipeleka kituoni. Kinachomlinda mlezi ni kuichukulia damu ya kila mtoto kwa tahadhari ileile: glovu kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, jeraha kufunikwa, sakafu kusafishwa kwa maji yenye dawa ya klorini. Mlezi anayesubiri kuambiwa ni mtoto gani avalie glovu hajafundishwa. Kwa upande wa kadi, mzazi aje na kadi siku ya kujiandikisha, tarehe za chanjo zinakiliwe mbele yake kwenye karatasi ya kituo, kisha arudi nayo nyumbani. Kadi nzima haina sababu ya kukaa kabatini kwa mwalimu.

Mwanzisha mada

Nakubaliana na muuguzi wetu kuhusu kugawa kazi, na nabadilisha pendekezo langu: mhudumu wa jamii kila mwezi, muuguzi kila robo mwaka, isipokuwa kwa vituo vinavyopokea wachanga, ambako naendelea kudai muuguzi aje mara nyingi zaidi.

Niongeze jambo moja linalowagombanisha wazazi na walezi kila wiki, nalo ni la mtoto mgonjwa. Mzazi mwenye kibarua cha chai Mufindi au Rungwe hawezi kukaa nyumbani siku tatu kwa sababu ya mafua, naye akiambiwa amrudishe mtoto, kesho yake atampa paracetamol alfajiri ili joto lishuke hadi apokelewe. Utaratibu ulioandikwa na mtaalamu humtendea haki kila mmoja. Mafua bila homa, mtoto akiwa anacheza na kula, aje. Kuhara kwa maji ambako kunapita nepi, abaki nyumbani na aendelee kupewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kama alivyoelekezwa zahanati. Tetekuwanga, hadi malengelenge yote yakauke na kushika magamba. Surua, hadi siku nne zipite tangu vipele vitokee. Upele wa kuwasha, hadi tiba ianze kutumika. Mzazi asainie karatasi hiyo siku ya kuandikisha mtoto, wakati hakuna mgonjwa na hakuna hasira.

Mchangiaji wa kwanza (mmiliki wa kituo, Iringa)

Hapo kwenye karatasi ya wagonjwa mmenipata. Na dawa je? Mimi naletewa dawa ya maji kwenye kichupa kisicho na lebo, mzazi yuko mbio kwenye bodaboda, anasema "vijiko viwili mchana". Kijiko kipi?

Mchangiaji wa pili (muuguzi, Rungwe)

Dada, hiyo usipokee. Dawa iwe kwenye chupa yake yenye jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya mwisho, jina la mtoto liandikwe juu, ije na kipimo chake na si kijiko cha chai cha nyumbani. Mzazi ajaze fomu: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, kwa sababu gani, na amepewa mara ya mwisho saa ngapi. Mlezi mmoja tu awe na jukumu la kutoa, aandike saa na kusaini, na kabati lifungwe kwa ufunguo juu ya kimo cha watoto. Dawa nyingi za mara mbili kwa siku hazina haja ya kufika kituoni kabisa. Mwambie mzazi amwulize mtaalamu aliyemwandikia.

Mchangiaji wa kwanza (mmiliki wa kituo, Iringa)

Basi nitakwenda kuzungumza na mganga mfawidhi wa zahanati ya mtaa wetu. Tuko vituo vinne mtaa huu. Tukikubaliana, nauli na chai ya mgeni tutachangia pamoja, na ada haitapanda.

Mchangiaji wa pili (muuguzi, Rungwe)

Mfawidhi mwone kwa heshima, lakini barua iandikeni kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, nakala kwa afisa ustawi wa jamii na kwa mtendaji wa kata. Mfawidhi hawezi kumtoa mtumishi kazini kwa maelewano ya mdomo. Katika barua tajeni siku isiyo ya kliniki, idadi ya watoto kwa umri, na kwamba mnaomba ushauri na mafunzo, si matibabu. Msipotaja hilo la mwisho, mtaletewa mtu na dawa za minyoo, atawagawia watoto wote asubuhi moja, na hamtamwona tena hadi mwakani.